Mifuko 40 chini ya turubai: uzoefu wangu na saruji

Nyumba yangu ipo Kigamboni, vyumba vitatu na sebule, na nimeijenga kwa mshahara wa ualimu, kwa hiyo imechukua miaka. Humo ndani kuna saruji ya viwanda vinne tofauti, kwa kuwa kila nilipopata hela nilinunua iliyokuwepo dukani. Watu wakiniuliza nilitumia saruji gani, wanategemea niwatajie jina: Twiga, Simba, Nyati, Dangote, Camel. Hilo jina ndilo nililohangaika nalo kuliko yote, na ndilo lililonisaidia kidogo kuliko yote.

Nianze na hasara. Mwishoni mwa 2020 saruji iliadimika, bei ikaruka mpaka serikali ikaingilia kati. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Bei iliposhuka nikachukua mgawo wangu wa vikoba, nikanunua mifuko 40 kwa mpigo ili nisije nikakamatwa tena. Niliipanga kwenye chumba kilichokuwa na mabati ya muda, chini udongo mtupu, juu turubai. Nikajiona mjanja. Masika ikaja, ikapita. Mwezi wa sita nikamwita fundi tumwage lenta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha.

Fundi hakufungua mfuko. Aliugonga kwa ncha ya kiatu kwenye kona, akaniangalia. "Mama, hii imeshakunywa maji."

Nikamwambia haijanyeshewa hata tone. Akanyoosha kidole kuelekea ufukweni. "Bahari si ile pale? Hewa yenyewe ya huku ni maji."

Tukaanza kuchambua mfuko kwa mfuko, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba mabonge ya saruji ni ya namna mbili. Kuna bonge la kugandamizwa tu: mfuko uliolaliwa na wenzake muda mrefu unakuwa mgumu, lakini ukiubiringisha chini mara mbili tatu unalegea, na ndani ni unga laini, ukiingiza mkono unahisi ubaridi. Huo ni mzima. Kisha kuna bonge lililokwisha kuganda kwa unyevu. Likivunjika kwa vidole viwili, saruji imepoteza sehemu ya nguvu. Lisipovunjika, hilo ni jiwe. Hesabu yangu siku ile: mizima 17, ya mabonge yanayovunjika 14, mawe 9. Ile 14 tuliichekecha kwenye wavu wa mchanga tukaimalizia kwenye kibaraza na njia ya kuingilia. Kwenye lenta fundi aliikataa kabisa, na nilipojaribu kumbembeleza akasema basi nitafute fundi mwingine. Namshukuru mpaka leo.

Tangu hapo sinunui saruji kuweka akiba. Hela ikinitoka mkononi kabla ya wakati, nanunua nondo, kokoto au matofali yaliyokwisha kufyatuliwa. Saruji naiagiza fundi akishanithibitishia siku ya kuja. Ikibidi ilale nyumbani, inalala juu ya vichaga vya mbao, mbali na ukuta, na haipiti wiki chache. Wengi husema miezi mitatu ndiyo mwisho. Kwa hapa pwani, mimi hata hiyo mitatu siiamini.

Sasa kuhusu namba, ambazo kwa miaka nilizipita kama mapambo ya mfuko. 32.5 na 42.5 ni nguvu ya saruji ikipimwa maabara baada ya siku 28, kwa kipande cha mchanganyiko maalumu. Kwa lugha ya mizani, ile ya 42.5 kila sentimita moja ya mraba inatakiwa ihimili kilo zaidi ya 400 kabla ya kupasuka, ya 32.5 ni kama kilo 330. Herufi R inayofuata maana yake inapata nguvu za mwanzo haraka, N ni ya mwendo wa kawaida. Ukiona CEM II, jua klinka, yaani yale mawe yaliyochomwa kiwandani ambayo husagwa kuwa saruji, imechanganywa na kitu kingine, mara nyingi mawe ya chokaa au pozolana, yaani majivu na mawe ya volkano: ikifuatiwa na A, hicho kilichochanganywa ni kati ya asilimia 6 na 20, ikifuatiwa na B ni 21 mpaka 35. Kuchanganywa si kuchakachuliwa, maana hata mimi niliwahi kumgombeza muuzaji bure.

Nilipozijua namba nikafanya kosa la pili, la mtu aliyejifunza nusu. Nikasema kama 42.5 ina nguvu zaidi, basi nyumba nzima 42.5, hadi lipu. Dukani kwetu tofauti ilikuwa kama shilingi 1,500 kwa mfuko, nikaona si kitu. Fundi aliguna tu. Ukuta wa sebule unaotazama magharibi, unaopigwa jua la alasiri, haukumaliza wiki mbili: nyufa nyembamba zikatambaa pande zote kama ramani ya mito. Mchanganyiko wenye saruji kali unasinyaa zaidi, na sisi tuliuacha ukauke kwa jua bila kuumwagilia. Vyumba vilivyobaki tulipiga lipu kwa 32.5. Fundi mwenyewe anaipenda kwa sababu inateleza kwenye mwiko na inampa muda wa kunyoosha ukuta. Huko sijaona ufa.

Kwa hiyo mgawanyo wangu sasa ni huu: 42.5 kwa zege lenye nondo, yaani nguzo, lenta na mkanda wa zege unaozunguka kuta, na 32.5 kwa kujengea tofali, lipu na sakafu. Ghorofa sijajenga, huko msikilizeni mhandisi.

Lakini hata 42.5 mpya kutoka kiwandani jana, saidia fundi anaweza kuiua kwa ndoo moja ya ziada. Zege jepesi kama uji ni rahisi kulibeba na kulimwaga, ndiyo maana wanalipenda. Siku ya mkanda nilikaa pale na kiti changu, nikahesabu. Mfuko wa kilo 50 ujazo wake ni kama lita 35, kwa hiyo kwa moja-mbili-nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, unataka mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo saba. Maji tukayaanza kwa ndoo moja na robo. Kijana mmoja alisubiri nigeuke kuongea na simu, akaongeza. Nilimwona kwa pembe ya jicho. "Mama, halichanganyiki hili!" Linachanganyika, ila linataka mgongo. Baada ya hapo tukalimwagilia asubuhi na jioni siku saba, na hiyo kazi ya kumwagilia niliifanya mwenyewe na wanangu, kwa sababu fundi akishalipwa humuoni tena.

Dukani naangalia vitu vichache: nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), tarehe kwenye mfuko, na kama duka lina mzunguko. Duka ambalo maguta na kirikuu zinapishana mlangoni halina saruji ya mwaka jana. Kuna duka moja, silitaji, liliniuzia mfuko ulioshonwa upya kwa uzi wa mkono. Nikaupeleka kwa jirani muuza vyuma chakavu, mizani ikasoma kilo 46. Niliurudisha, wakanibadilishia bila kubisha hata neno, nikajua si mimi wa kwanza. Na usisahau mchanga. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi inakula nondo hata saruji iwe ya aina gani.

Umebaki uzio. Fundi kasema atakuja Jumatatu. Nitaagiza Jumamosi, mifuko 12 ya 32.5 ya tofali na minne ya 42.5 ya nguzo za geti. Ile mifuko tisa iliyoganda nimeitoa karatasi, imebaki na umbo lake lilelile la mfuko, hadi mikunjo ya kona inaonekana. Miwili ni ngazi ya banda la kuku. Iliyobaki saba, mtu akiitaka aje na toroli.