Lomustini kwa limfoma ya ngozi ya mbwa: dawa nzuri inayodai uangalizi

Limfoma (saratani ya limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu) inayoanzia kwenye ngozi ni adimu miongoni mwa limfoma za mbwa, na mbwa wetu mzee aligunduliwa kuwa nayo baada ya kliniki moja kumtibu mzio kwa muda mrefu bila nafuu. Ngozi ilikuwa nyekundu yenye magamba, mwasho haukumwacha alale, na weusi wa pua na midomo ulikuwa ukififia. Ninayoitathmini hapa ni lomustini, dawa ya kapsuli ya saratani za binadamu, hasa za ubongo na limfoma ya Hodgkin, ambayo madaktari wa mifugo huitumia sana dhidi ya ugonjwa huu.

Dawa hii haifai kuanzishwa kwa kukisia, kwa kuwa mzio, fangasi na magonjwa ya kinga ya mwili huleta dalili zinazofanana na hizo. Daktari aliyempokea baadaye alichukua vipande vya ngozi kutoka sehemu kadhaa za mwili kabla ya kutoa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, kwa sababu steroidi huweza kuuficha ugonjwa usionekane vizuri kwenye hadubini. Maabara ilivipima kwa kutafuta CD3, protini inayotambulisha limfosaiti za aina ya T, na ikathibitisha kwamba seli zilizovamia tabaka la juu la ngozi zilikuwa limfosaiti T. Katika matibabu yote, hatua hiyo ndiyo ninayoisifu zaidi.

Lomustini humezwa, kwa kawaida mara moja kila baada ya wiki 3, na kiasi cha dozi hukokotolewa kwa eneo la uso wa mwili wa mnyama. Kwa mbwa wetu mwasho ulipungua, vidonda vikakauka na hamu ya kula ikarudi, jambo lililotupa faraja kubwa. Hata hivyo haiponyi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha mbwa 46 wenye ugonjwa huu, karibu asilimia 83 walipata nafuu, lakini kwa kawaida nafuu hiyo ilidumu takribani miezi 3 tu.

Anayeichagua ajiandae kwa vipimo vya damu, kwani chembe nyeupe hushuka sana karibu siku ya 7 baada ya dozi, na homa ya wakati huo ni dharura. Ini nalo huumia kadiri dozi zinavyoongezeka, hivyo ALT, kimeng'enya kinachopanda katika damu ini linapoumia, kinapaswa kupimwa kabla ya kila dozi. Kliniki isiyosisitiza kipimo hicho nisingeiamini. Kapsuli hazifunguliwi wala kusagwa, na anayezishika avae glavu.

Ninaipendekeza kwa mbwa ambaye ugonjwa umeenea mwilini na ini lake bado ni zima. Mwenye uvimbe mmoja tu, hasa mdomoni au kwenye ukingo wa midomo, aulizie kwanza upasuaji au mionzi, kwa kuwa mbwa wa namna hiyo huishi muda mrefu zaidi.