Dubai saa nane usiku: tumekula nini kabla ya kupanda ndege?

Haya jamani, mnanisikia? Mnisamehe kwa kelele. Ni saa nane usiku, nipo Dubai, Terminali 3, na watu wamejaa utadhani Kariakoo mkesha wa Idi. Uwanja huu usiku ndiyo mchana wake: ndege zinamwaga abiria kutoka kila upande, kila mmoja anasubiri ya kwenda mbele. Na nyie mnaopita hapa kwenda Guangzhou kufuata mzigo, swali lenu ni lile lile: tule wapi?

Huu ndio ukumbi wa vyakula. Vibanda pembeni, meza katikati, unakaa popote. Zunguka kwanza kabla hujatoa pesa. Mimi njaa ilinipeleka kibanda cha kwanza nilichokiona, nikachukua baga na chipsi. Sogeza kamera. Umeziona chipsi? Zimelala. Zimepoa, na chumvi yake ni ya kukaushia samaki. Jina la kibanda sitaji, tuendelee.

Nikahamia kwenye chakula cha Kihindi. Naangalia bei, namnong'oneza mwenzangu, "Dirhamu arobaini na tano! Si zaidi ya elfu thelathini hiyo?" Dada wa kaunta anacheka: "Na hapo bila soda, kaka. Chukueni moja mgawane, ni nyingi." Kumbe wa Mombasa! Tangu hapo nikipita uwanja huu nitachunga mdomo.

Na alisema kweli, sahani moja imetutosha wawili. Ila usije ukitarajia biriani ya Zanzibar. Kwetu wali kivyake, rojo kivyake. Hapa kuku kazikwa ndani ya wali, unamchimbua kwa kijiko, na pembeni unapewa mtindi. Wali umechambuka, kuku laini, iliki unaisikia. Pilipili imeniangusha, hata mtoto angekula. Nane kwa kumi.

Malipo sasa. Dola wengi wanapokea, lakini chenji inarudi dirhamu, na kiwango wanapanga wao. Dola moja imefungwa kwenye dirhamu 3.67, kwa hiyo piga hesabu yako mwenyewe. Ukitumia kadi na mashine ikakuuliza unalipa kwa pesa gani, chagua dirhamu. Maji usinunue: beba chupa tupu, mabomba ya kunywa yapo karibu na vyoo.

Kitu kilichonifanya nirekodi video hii hasa ni geti. Usikae kula kabla hujajua geti lako lina herufi gani. B na C unatembea kwa miguu, lakini A unapanda treni ya chini kwa chini, na hapo ndipo zinapoegeshwa nyingi ya zile ndege kubwa za ghorofa. Halafu huu uwanja ni wa kimya, hutasikia ukiitwa kwa kipaza sauti kama kule nyumbani. Nilishamwona baba mmoja anatafuna taratibu, jina la mji wake liko kwenye skrini, nyekundu, na yeye kaipa mgongo.

Ukiunganisha ndege ndani ya saa mbili, mimi ningekwambia usile kabisa, utalishwa angani. Chukua karak tu, hii hapa, chai ya maziwa iliyochemka ikakolea, ina iliki. Ya bibi yangu bado inaishinda, lakini kwa saa hizi...

Ngoja. Hiyo si ya kwetu imeandikwa pale? A ngapi? Nishikie kikombe, twende!