Uzoefu wangu: tahadhari ya siku tano ya TMA pamoja na kipimamvua, hapa Lindi

Msimu wote wa mvua, Novemba hadi Aprili, natumia vitu viwili kwa pamoja: taarifa ya tahadhari ya siku tano ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) na kipimamvua cha plastiki. Taarifa ni ya bure na naiamini kuliko programu ya simu niliyokuwa nayo zamani. Ile ilikuwa ikiandika "mvua asilimia 80" basi. Asilimia hiyo ni uwezekano tu, haikuambii kama ni manyunyu ya milimita 2 au mvua ya milimita 70 ya kujaza mitaro.

Wengi huangalia rangi wakaishia hapo. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Lakini rangi hutokana na mambo mawili yaliyoandikwa pembeni: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Njano inaweza kuwa jambo dogo ambalo karibu litatokea, au jambo zito ambalo uwezekano wake bado ni mdogo. Hiyo ya pili ndiyo ya kuichunga, kwa sababu taarifa ya kesho yake inaweza kuipandisha. Kwa hiyo usitumie picha ya juzi iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Angalia tarehe kwanza.

Maneno yenyewe yana vipimo. Mvua kubwa ni zaidi ya milimita 50 kwa saa 24, upepo mkali ni zaidi ya kilomita 40 kwa saa, mawimbi makubwa ni zaidi ya mita 2. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo paa la mita 6 kwa 8 likipata milimita 50 linashusha lita 2,400. Kama mtaro wa nyuma umejaa mchanga, maji hayo yanaingia ndani.

Kipimamvua nimekifunga kwenye nguzo, mdomo ukiwa sawasawa, mbali na nyumba na miti kwa angalau mara mbili ya urefu wa nyumba au mti wenyewe. Chini ya mkorosho utapata namba ya uongo: majani huzuia mvua nyepesi, halafu hudondosha matone makubwa mvua ikishakatika. Soma saa 3 asubuhi kila siku, kisha mwaga. Jua letu hupasua plastiki, kagua ufa kabla ya Novemba. Huna? Kata chupa ya maji yenye pande zilizonyooka, geuza sehemu ya juu iwe faneli, weka kokoto chini na maji hadi mahali pande zinaponyooka, chora alama ya sifuri hapo. Bila alama hiyo, mashimo ya kitako yanaharibu hesabu yote.

Kuna jambo ambalo ramani ya mikoa haiwezi kulisema. Mto Lukuledi huja kumwaga Lindi, lakini sehemu ya maji yake inatoka Masasi na Ndanda, mkoa wa Mtwara. Mimi husoma rangi ya Mtwara hata kama kwetu ni kijani. Halafu natazama mwezi. Wakati wa bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa na kupwa sana mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, bahari hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Mvua kubwa ikiangukia saa hizo, mto na mitaro ya chini hazina pa kumwaga hadi maji yapwe. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, shida hupungua.

Na msifungashe vifaa Aprili ikiisha. Kimbunga Hidaya kilifika tarehe 4 Mei 2024, na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa. Rangi ikifika chungwa, dawa za mgonjwa, mafuta ya taa na gesi nunua siku hiyo hiyo, kwa sababu malori ndiyo hukwama kwanza.