Siliaki, kuishi bila ngano, na hoteli za Kihindi, uzoefu wangu hapa Dar

Mimi nina siliaki, yaani ile gluteni, protini ya kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka nyingine jamii ya ngano), ikiingia tumboni mwili unaanza kuushambulia utumbo wake wenyewe. Kabla haijajulikana nimetibiwa sana amiba na vidonda vya tumbo, hayo tuyaache, leo naongelea msosi. Chapati nilishaizika, maandazi nimeyazika, sambusa ndo usiseme. Ila nashukuru mji huu una Wahindi wa kutosha maana chakula chao kingi ni mchele, dengu, choroko na unga wa dengu, sema watu wakisikia chakula cha Kihindi wanawaza naan tu, ile mikate yao ya ngano.

Mwanzoni nilichemsha lakini. Kuna hoteli moja mjini siitaji jina, nikamuuliza weita hii ina gluteni akaniangalia kama namsemesha Kichina. Basi nikauliza ina ngano? Akaenda jikoni akarudi anatabasamu, "Hapana dada, haina ngano, ni suji." Suji jamani! Si ngano hiyo hiyo imesagwa chenga chenga. Siku nyingine mwingine akaniambia siyo ngano ni maida, wakati maida ndo ule unga mweupe wa ngano wenyewe. So siku hizi gluteni siitaji kabisa, nauliza kwa majina, maida ipo, suji ipo, rava (ndo suji hiyo hiyo) ipo, ata (unga wa ngano isiyokobolewa) ipo, maana hao wote ni tumbo moja.

Na siku ile ya suji nikajifanya mjanja nikaagiza bhajia za dengu, si unga wa dengu tupu bwana, nikala zote na chatne juu. Kumbe karai ni moja, asubuhi zinakaangwa sambusa, mchana bhajia, mafuta yale yale. Tumbo likajaa kama nimemeza mpira, siku tatu nalala na chupa ya maji ya moto.

Sasa hapa ninapopasifia ni kimgahawa kidogo Upanga, hawapiki nyama, wapishi wao wa kusini mwa India. Mwenye hoteli ni mama mtu mzima wote tunamwita anti, Kiswahili chake kinakuzidi wewe. Nilivyomweleza hakubisha wala hakunionea huruma, alinishika mkono akanipeleka mpaka dirisha la jikoni nione. Dosa yao, ile kama chapati ya maji nyembamba, ni mchele na urad, zile choroko nyeusi zilizokobolewa, vinalowekwa vinasagwa vinaachwa vichachuke mpaka kesho, hakuna ngano hapo. Shida ni kwamba rava dosa yenye suji wanaipika kwenye tawa hiyo hiyo, lile kaango bapa. Anti akamwambia kijana aisugue, akamwaga maji pale juu ikafuka mvuke, akapangusa na kitambaa kipya, alafu akachukua nusu kitunguu amekichoma kwenye uma akakizungusha na mafuta mpaka tawa inang'aa, ndo akamwaga unga wangu. Masala dosa ya sh 10,000, inatoka imezidi sahani huku na huku, pembeni imekauka inavunjika kama karatasi, ndani viazi na mbegu za haradali. Nilikaribia kulia, miaka miwili sijala kitu kinacholia krach mdomoni.

Ila sambar, ule mchuzi wa dengu na mboga wa kulia dosa, nilinyimwa. Anti akasema hapana wewe subiri, akatoa kopo la kiungo kinaitwa hingi akavaa miwani akanisomea nyuma, unga wa ngano umo. Mi hingi nikawa siijui, akanifungulia ninuse, yesu na maria, kumbe ni mvuje! Ule mvuje bibi yangu alikua anawafunga watoto shingoni wasipatwe na jicho. Anasema mvuje wenyewe ni utomvu mgumu unanata na ni mkali balaa, so viwandani wanausaga na unga ndo utumike jikoni, makopo mengine wanatia wa mchele ila mengi wa ngano. Kakijiko kanaingia kwenye dengu, kwenye sambar, kwenye achari, na kwenye menyu huwezi kukaona. Hapo ndo nikaelewa kwanini nilikua naumwa hata nikila wali na dengu tu.

Mengine kwa haraka. Biriani uliza kama sufuria limezibwa na donge la unga. Kuku wa tandoori anachomwa tanuri moja na naan, mi nimeacha. Vitamu vya gulab jamun na jalebi sahau, vina maida, kheer ya mchele na maziwa kula. Manchurian, ule msosi wa Kihindi wenye ladha ya Kichina, ina soya sosi na soya sosi nyingi zina ngano. Ukipata kwa Wagujarati rotlo, yaani chapati nene ya unga wa uwele, na samli na sukari guru we kaa ule, ila omba ikandwe mbali na chapati.

Kasoro za pale Upanga, wanachelewesha, hiyo tawa kusuguliwa dakika ishirini unazisubiri, na Jumamosi jioni usijisumbue, jikoni kumejaa hamna atakayekusikiliza. Mi naenda Jumanne saa sita kabla watu wa maofisini hawajashuka. Wiki iliyopita nilimpelekea anti kipande cha mvuje mtupu wa Kariakoo, wa kuponda mwenyewe. Akaunusa mbele ya wateja akacheka, akasema huu wa waganga, ila jikoni alienda nao, na sambar yangu siku hiyo nilikula bakuli mbili.