Baraza la usuluhishi wa ndoa la kata: linafaa, ila kagua hati yako kabla ya kuondoka

Kwa Tanzania Bara, huwezi kufungua shauri la talaka bila kupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Wengi huliona baraza la kata kama mahali pa kugongewa muhuri tu, wakitunza nguvu zao kwa ajili ya hakimu. Wanakosea, na kosa lenyewe huonekana wakati muda na pesa vimeshaisha: Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri la talaka kwa sababu hati ya baraza, yaani ile inayothibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha wanandoa, haikuwa halali. Wahusika walirudi walipoanzia.

Kama huduma, baraza lina mazuri yake. Linakaa karibu na nyumbani, na shauri lote linasikilizwa kwa Kiswahili cha kawaida. Wajumbe ni mwenyekiti na wengine wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu humo. Ndugu wa familia anaweza. Sisi tunaona hilo ni jema, kwa sababu mke na mume wanalazimika kusema wenyewe, na mara nyingi jambo la ada ya shule au la nani akae na watoto wakati wa likizo humalizwa palepale hata ndoa ikishindikana. Udhaifu mkubwa ni faragha. Wajumbe ni watu wa mtaa uleule. Ikiwa kuna kipigo au mambo ya chumbani, omba mapema kikao kifanyike ndani na watu wasiohusika watoke.

Nenda na malalamiko yaliyoandikwa, yenye tarehe: ndoa ilifungwa lini na wapi, majina na umri wa watoto, nini kilitokea na lini. Acha nakala moja, ubaki na nyingine iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mwenzako ataitwa kwa wito. Asipokuja, usikimbilie mahakamani siku hiyohiyo. Sheria inakuondolea sharti la baraza pale tu alipoitwa akakataa kuja kwa makusudi, na makusudi huthibitishwa kwa wito: ulipelekwa lini, nani alipokea, alijibu nini. Nafuu nyingine zipo pia, kwa mfano aliyekutelekeza na hujui aliko, au anayeishi nje ya nchi na haitarajiwi arudi ndani ya miezi 6.

Sasa hati. Inatolewa kwa Fomu Namba 3, na hapa ndipo mabaraza mengi huteleza. Tunayoikubali ni ile inayoonyesha shauri lililetwa na nani, pande zote zilisikilizwa, baraza liliona nini, na kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Chini yake kuna tarehe, saini ya mwenyekiti na muhuri. Barua ya mistari miwili inayosema “tunawaruhusu waende mahakamani” ikatae kwa adabu uombe fomu kamili. Iliyoandikwa “baraza limevunja ndoa na kugawa viwanja” ni mbaya zaidi, maana baraza halina mamlaka hayo. Linaweza kutoa mapendekezo tu. Angalia pia kalenda. Hati isizidi miezi 6 siku unapofungua shauri. Iliyotolewa tarehe 10 Januari haitakufaa mwezi Agosti, hata kama kilichokuchelewesha ni ugonjwa.

Mabaraza ya dini yanakubalika yakiwa yameundwa kisheria kama mabaraza ya usuluhishi, yakiwemo ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania). Barua ya mchungaji au ya shehe mmoja mmoja haitoshi. Kwa ndoa ya Kiislamu mpangilio wa matukio una uzito wa pekee: kifungu cha 107(3) kinataka baraza lishindwe kwanza, kisha talaka ifuate, ndipo mahakama itamke kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Waliopeana talaka nyumbani halafu wakaenda kutafuta hati wamegeuza utaratibu, na watalazimika kuthibitisha kuvunjika kwa ndoa kwa njia nyingine: ukatili, ugoni, kutelekezwa kwa angalau miaka 3 na kadhalika.

Kuhusu watoto, usidai kwa baraza kile ambacho hakimu pekee anaweza kutoa. Litumie kukusanya hoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inadhania kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kwa mkubwa zaidi, maoni yake husikilizwa yakiwa ni yake kweli, na mahakama hujali ndugu wasitenganishwe na malezi yasikatizwe. Mzazi anayemhamisha mtoto shule katikati ya muhula ili “awe naye kwanza” anajiharibia mwenyewe. Na tafadhali, msimfundishe mtoto maneno ya kusema mbele ya hakimu. Anaumia yeye.

Kwenye mali, kinachopimwa ni mchango. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika kesi iitwayo ya Bi Hawa, kazi za nyumbani na kulea ni mchango pia, ila kiasi chake lazima kielezwe. Kusema “nilikuwa mke wake” kunakupunguzia fungu. Orodhesha: mkataba wa mauziano, risiti za saruji, kadi ya gari, miaka uliyosimamia duka. Nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa bila ridhaa yako, hivyo ukinusa mnunuzi, weka zuio kwa Msajili wa Hati hata kabla baraza halijakaa.

Ukiwa na hati safi, Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza shauri lako, viwanja na watoto vikiwemo. Kwa Dar es Salaam, kituo jumuishi cha Temeke kinashughulikia mirathi na ndoa, kikiwa na ngazi za mahakama hadi Mahakama Kuu katika jengo moja. Ukitaka kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu, una siku 45, na unaiwasilisha kwenye mahakama iliyotoa uamuzi.