Banda la mpira Ngamiani limegeuka ukumbi, viti vizuri lakini goli tunaambiwa na jirani

Wadau wa Tanga habari za sa hizi. Watu wengi wananiuliza kuhusu lile banda la mpira la Ngamiani ndani lililofungwa msimu ulivyoisha, kwamba lishafunguliwa na je panafaa au ni mbwembwe tu. Jina silitaji maana mwenyewe ni mtu wa mtaani na msikitini tunapeana mikono, ila mkazi yeyote wa barabara za namba akisoma hapa atajua ni wapi. Nimeangalia pale mechi za Ligi Kuu yetu na za Uingereza, hizi za mwanzo wa msimu, za jioni na za usiku, kwa hiyo naongea nilichokiona na sio cha kusimuliwa.

Kwanza mjue lilivyokuwa, kwa wale wageni waja leo. Mabati matupu juu na pembeni, mabenchi ya mbao hayana mgongo, jero mechi ya kawaida na buku mechi ya Simba na Yanga, tivii mbili za kichogo zimewekwa juu ya meza iliyofungwa kamba, moja inaonyesha mechi hii nyingine ile na sauti inawekwa ya ile yenye wateja wengi. Joto lake we acha tu. Ukitoka pale shati unalikamua. Choo hamna, ukibanwa unazunguka uchochoroni ukirudi nafasi yako ishaliwa na mtu hata hakuangalii usoni. Lakini aisee kelele zake! Siku ya fainali ya Ngao ya Jamii 2023, ile Simba na Yanga walivyocheza hapahapa kwetu Mkwakwani dakika tisini bila goli mpaka Simba wakashinda penati 3-1, mji ulikuwa umejaa wageni na wenyeji kibao tulikosa pa kupita kwenda uwanjani, basi tukarundikana kwenye lile banda, wengine wamesimama nje wanachungulia kwenye tundu za bati, na kila penati iliyookolewa bati lote linatetemeka kama limepigwa mawe.

Sa hivi ni tofali, chini vigae, dari jeupe, feni zinazunguka na viti vya plastiki vyenye mgongo. Mbele projekta na ukuta wamepaka rangi nyeupe sehemu ya picha. Nyuma wameinua sakafu kidogo wakaweka masofa na kiyoyozi, hiyo ndo VIP, buku tano na soda unapewa. Kawaida ni buku mbili, mechi kubwa buku tatu. Watu wamelalamika sana bei ila mimi hapo simlaumu, yule mzee kajenga, umeme analipa, na choo kipo tena cha wanaume na cha wanawake mbalimbali, kinasafishwa, maji yapo. Hilo la choo wanaume wenzangu mnalichukulia poa ila ndo limebadilisha kila kitu pale. Jumamosi moja nimekuta dada zetu wamekaa safu nzima na jezi zao, kuna mama kaja na watoto wawili wanakula bisi, kwenye banda la zamani mwanamke alikuwa anaishia mlangoni kumuita mumewe. Dada yangu mwenyewe ambaye ni Yanga kufa sa hivi ananitangulia kufika.

Tatizo linaanzia mlangoni. Hela taslimu hawapokei tena, ni lipa namba tu, karatasi imebandikwa ukutani unapiga namba unalipa unamwonyesha kijana wa mlangoni meseji. Wazo zuri, chenji ilikuwa ugomvi. Ila mtandao ukisumbua, na siku za mechi kubwa unasumbua, foleni inatoka mpaka barabarani na mechi ishaanza, mtu keshakatwa hela meseji haijaja, hapo kijana hakuruhusu hata ulie. Halafu kana tabia moja haka kakijana, kanaisoma meseji kwa sauti. Yote. "Umelipa shilingi elfu mbili, salio lako shilingi mia tatu arobaini, haya pita kaka." Foleni nzima ishajua una mia tatu arobaini mpaka mwisho wa mwezi. Jamaa mmoja nyuma yangu akasema mgosi kumbe tunafanana, watu wakacheka lakini mwenye simu hakucheka. Mzee kama unasoma hii mwambie mwanao asome jina na kiasi basi, salio ni siri ya mtu.

Sasa twende kwenye kilichoniuma. Picha ni kubwa, ni safi, jezi namba unaiona, ila picha INACHELEWA. Zamani walikuwa na dishi na king'amuzi, sa hivi kijana wa mzee kawashauri waingie kwenye intaneti, wanaonyesha kwa apu iliyounganishwa na projekta. Na kwa intaneti mpira haukufikii moja kwa moja, unakatwakatwa vipande vidogovidogo vya sekunde chache, vinatumwa, kifaa chako kinakusanya vipande kadhaa kwanza ndo kinaanza kuonyesha ili picha isigande. Dishi nalo linachelewa lakini ni kidogo tu. Apu inaweza ikaachwa nyuma nusu dakika nzima. Ukiwa nyumbani peke yako huwezi kujua wala haikuhusu. Ila pale Ngamiani mtaa wa pili kuna banda lingine bado la mabati, bado lina dishi, na watu wa kule bado wana makoo.

Matokeo yake unaona nini. Coastal Union, timu yetu ya Tanga, wako ugenini, sisi tunaangalia mpira upo katikati ya uwanja, kiungo anageuka taratibu anatafuta pasi, ghafla kule mtaa wa pili GOOOO! Ukumbi mzima unageukiana. Kimya. Sasa hujui ni letu au ni lao, unabaki kuangalia ule mpira unavyotembea ukijua unakwenda kuishia wavuni upande mmojawapo. Ile sauti ikiwa ya furaha basi ni letu, maana kule wote Wagosi, mashabiki wa Coastal. Mpira ukija kuingia kwetu watu wanapiga makofi kama wako kwenye kikao cha harusi wamesomewa michango. Hiyo sio shangwe jamani.

Na kuna babu mmoja anakaa pembeni karibu na dirisha, yeye kaja na redio yake ndogo kaibana sikioni, na redio iko mbele ya wote. Babu anatabasamu kabla ya kona haijapigwa. Watu wakamlalamikia, yule mhudumu akamfuata kwa adabu kabisa, "Shikamoo babu, tunakuomba uzime kidogo unawaharibia wenzio." Babu akamjibu, "Marahaba mjukuu wangu, mimi umri huu siwezi kusubiri goli lililokwisha kuingia." Wakamwacha. Mimi nahamia kiti cha karibu na babu kila nikienda, bora nijue kwa redio kuliko kwa jirani.

Nilimuuliza mzee kwa nini asirudishe dishi akasema mvua za vuli zilikuwa zinakata picha na apu haikati. Ni kweli mvua nzito inalisumbua dishi, hilo halina ubishi. Lakini vuli ni miezi mingapi mzee wangu, na si unaweza kuwa navyo vyote ukabadilisha kulingana na wingu? Haki za kuonyesha Ligi Kuu anazo Azam TV, mkataba wa miaka kumi ule wa shilingi bilioni 225.6 waliosaini na shirikisho letu la mpira, TFF, 2021, kwa hiyo mpaka 2031 mpira wetu unajulikana unapatikana wapi, kununua king'amuzi chake sio kubahatisha.

Kitu kingine kilichobadilika sio kosa la mzee ila kinabadilisha ladha, mikeka ya kubeti. Vijana wengi sa hivi hawaangalii timu, wanaangalia simu. Nimekaa na mmoja kavaa jezi ya Arsenal, Arsenal wamefungwa anashangilia, namuuliza vipi mdogo wangu ananiambia bro nimeweka timu zote mbili zifungane. Mwingine analilia kona. Kona! Dakika ya themanini na tano mechi ishaisha 3-0 yeye kasimama anaomba kona moja tu, imekosekana kakaa chini anasema mkeka umechanika, na matokeo ya mechi ukimuuliza hajui vizuri. Zamani ulikuwa unajua ukigeuka kulia huyu Simba kushoto Yanga, utani unaujenga hapo, sa hivi hujui umtanie nani maana hata yeye leo yuko timu gani inategemea na alichobeti asubuhi.

Ukutani pia nina neno. Wamechora vizuri, mchoraji ana mkono kwa kweli. Man United kubwa, Arsenal kubwa, Simba na Yanga pande zote mbili za mlango. Coastal Union iko wapi? Imechorwa ndogo kwenye kona ya kuelekea chooni. Tanga! Timu iliyobeba ubingwa wa bara 1988, iliyomaliza ya nne 2023/24 ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika, imewekwa karibu na beseni la kunawia. African Sports hata hiyo kona hawajapata, wana Kimanumanu wakazoee tu. Sisi ndo mkoa ulioshuka na timu tatu kwa mpigo msimu wa 2015/16, Coastal, African Sports na Mgambo zote msimu mmoja, na watu waliendelea kujaza mabanda, sasa heshima yetu ndo hiyo ya chooni kweli?

Lakini niwape sifa kwenye la adhana. Mechi za Uingereza za saa kumi na moja jioni maghribi inaingia kipindi cha pili, na Waingereza wakirudisha saa zao nyuma mwisho wa Oktoba mechi hizohizo zinaanza saa kumi na mbili, kwa hiyo adhana inaangukia kipindi cha kwanza. Pale adhana ikianza tu mhudumu anazima spika, picha inabaki, ukumbi unatulia, wanaokwenda wanakwenda na kiti chako unaacha kofia hakuna wa kukigusa. Wakirudi wanaulizia ngapi ngapi. Mabanda mengi yanapiga kelele juu kwa juu, hawa hapana.

Chakula ni kawaida. Kaunta ya ndani inauza chipsi na soda, bei imepanda kidogo kuliko nje, chipsi nilizokula zilikuwa za baridi. Yule mama aliyekuwa anauza mihogo ya kukaanga na pilipili ya ukwaju mlangoni kaambiwa ahame, sa hivi yuko ng'ambo ya barabara na biashara yake imekua maana wakati wa mapumziko nusu ya ukumbi unavuka kwenda kwake. Kuagiza kwa dirishani pia inawezekana, ukikaa upande wa babu unanyoosha mkono tu dogo analeta.

Mimi mechi za Uingereza nitaendelea kuangalia hapa, jirani kule anafunga king'amuzi cha ligi ya nyumbani tu kwa hiyo hamna wa kutuwahi. Coastal wakiwa ugenini narudi kwenye mabati nikakamue shati. Coastal wakiwa Mkwakwani usiniulize, nakwenda uwanjani. Mechi za saa kumi jioni msikae safu za mwisho upande wa magharibi, pazia ni fupi, jua linaingia chini yake linafuta nusu ya picha mpaka karibu saa kumi na moja na nusu. Na baiskeli sehemu ya kuweka ipo, ubavuni kushoto, mlinzi anachukua mia mbili lakini funga mnyororo wako mwenyewe, goli likiingia naye anakimbilia dirishani.