The Delta Sweete ya Bobbie Gentry: ununue toleo gani?

Aisee watu wengi wakisikia Bobbie Gentry, yule mwanamuziki wa kike wa Marekani, wanakumbuka Ode to Billie Joe tu, ule wimbo uliowatoa Beatles namba moja Marekani mwaka 1967, wanaishia hapo. Mimi nasema kama una hela ya albamu yake moja tu chukua The Delta Sweete ya 1968, ambayo ilivyotoka haikuuza kabisa, kwenye chati ya Billboard ilikomea namba 132, na hadi leo hilo linaniuma.

Nyimbo ziko 12, nane zake, nne za watu. Na hizo za watu hajazirudia kujaza nafasi. Parchman Farm ya Mose Allison inahusu gereza la Mississippi, na Bobbie kazaliwa Mississippi hukohuko, Chickasaw County, kwahiyo ukiisikia katikati ya Reunion, ile ya familia nzima kupiga kelele kwa pamoja, na Mornin' Glory ambayo ni kama mtu anakunong'oneza bado hamjatoka kitandani, unaona kabisa ni maisha ya sehemu moja. Big Boss Man ya Jimmy Reed, ya mfanyakazi anayemlalamikia bosi wake, nayo anaiimba mwanamke, na sauti yake ile nzito yenye mkwaruzo, maana inageuka yote. Halafu nyimbo zimeunganishwa, moja inaingia kwenye nyingine. Ndo maana toleo unalonunua lina umuhimu, likikatwakatwa umepoteza nusu ya utamu.

Namba moja kwangu ni toleo la 2020, lile la diski mbili, lipo la santuri na la sidii. Stereo imechanganywa upya, gitaa na pumzi zake zinasikika karibu mno, na kuna demo za ziada, yaani rekodi za majaribio. Mtu anayeanza achukue hili asihangaike.

Namba mbili ni boksi la 2018, The Girl from Chickasaw County, sidii nane, albamu zake zote saba pamoja na alichorekodi BBC. Bei imechangamka kweli, ila ukishampenda utalitaka tu, na humo ndo utaona huyu dada aliandika nyimbo nzuri kiasi gani kabla hajaacha muziki kabisa.

Tatu, santuri yenyewe ya 1968 ya Capitol, kampuni iliyoitoa. Naipenda mno lakini kuwa makini jamani. Mimi niliagiza moja onlaini, muuzaji kaandika safi kabisa, imefika nikaweka sindano, wimbo wa kwanza Okolona River Bottom Band ukapita vizuri kwasababu tarumbeta zinafunika kila kitu, kufika Mornin' Glory ni kama mtu anakaanga vitumbua pembeni. Kwahiyo usikubali muuzaji akupigie wimbo wa kwanza, mwambie akurekodie Mornin' Glory na Courtyard. Courtyard ndo ya mwisho upande wa pili, iko karibu na lebo ya katikati ambako santuri iliyochakaa huwa inajisema, na ni wimbo mtulivu wa mwanamke aliyejengewa ua mzuri lakini yuko peke yake, ukiwa na mikwaruzo umeharibika wote.

Nne ni sidii inayoiunganisha The Delta Sweete na Local Gentry, albamu yake nyingine, ukiipata mtumba kwa bei ya kueleweka beba.

Kwenye simu ipo pia, sikiliza humo kwanza kabla hujatoa hela, ila zima shafo, ile ya kuchanganya mpangilio wa nyimbo, na usiruhusu nafasi kati ya nyimbo, hapo ndo wengi wanakosea wanasema albamu haina mpangilio.

Mkusanyiko wa nyimbo bora nauweka mwisho kabisa. Nyimbo ni nzuri sikatai, lakini Refractions bila Jessye' Lisabeth kabla yake na Louisiana Man baada yake, hapana, sikushauri.